Gauni Lililofumuliwa

Mwanangu,

Dada yako amenifukuza! Amenitoa kwenye chumba cha kushonea, mimi niliyemzaa, na komeo akatia. Kumbe hata salamu sijatoa. Hujambo, baba? Mchumba wako naye? Sisi wazima, ila magoti yangu ndiyo yanalalamika.

Uliniandikia kwamba gauni la harusi la mchumba wako nilipeleke kwa fundi mwingine, kwamba mtu aliyegongwa na pikipiki mpaka ubongo ukaumia hawezi kushona. Iliniuma. Nikakujibu kwamba linakwenda vizuri. Kwani mtaa huu nani anamfikia dada yako? Hao wanaosema najisifu, nguo zao anashona nani?

Lakini mkono wake wa kulia bado unatetemeka. Mkasi anauona, jina linamkimbia. Anauita "yule mkali", anacheka, halafu analia. Kelele kidogo tu, kichwa kinamuuma. Mchana lazima alale, ndivyo alivyosema daktari.

Sasa nikwambie nililokuficha. Akilala, mimi naingia. Alikuwa ameshona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia; nikaufumua, nikaushona upya. Kiunoni vilevile. Akiamka namwambia aone kazi yake ilivyo nzuri.

Jana akaligeuza gauni ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono, polepole. Akauliza nani kashona hapa. Nikasema ni yeye. Akasema kichwa kimeumia, sawa, lakini mshono huu unakwenda kama mlevi, na mwenye mshono huu anamjua: ndiye aliyemshonea sare ya shule, wenzake wakamcheka mpaka akamaliza shule.

Akachukua mkasi. Niliogopa, mwanangu, hasira zake siku hizi hazina breki. Akafumua vyote, vyangu na vyake. Akasema bora akosee mwenyewe kuliko mimi nimsahihishie. Kisha akaniamuru nitoke, na ule mkasi mdogo niliouficha kwenye kanga niuache mezani.

Mkasi! Kautaja kwa jina lake!

Sikufichi tena: gauni sasa ni vipande. Nimekaa nje ya mlango nasikiliza cherehani. Inakimbia, inasimama, inasimama mno, inakimbia tena. Fundi mwingine usitafute. Msalimie mkwe wangu na wazazi wake. Mje wote ili dada yako ampime, ila msipige vigelegele mlangoni. Hata gauni likiwa na mkono mmoja, atakuwa kaushona yeye.

Ni mimi mama yako, mama wa fundi. Nawangoja Jumamosi.