Shivachi, Mashine Yetu Imeuzwa

Shivachi, rafiki na ndugu yangu,

Nimeiuza. Nakwambia mapema usije ukasema nazungusha maneno, kama ulivyozoea kunilaumu. Ile mashine ya kahawa ya espreso iliyokaa jikoni kwako Shieywe imepakiwa kwenye pikapu, ikafungwa kamba, ikaenda Kisumu. Na nimekasirika. Sijui kama nimekukasirikia wewe, au wanunuzi, au mimi mwenyewe, lakini tangu tukuzike Malinya sijawahi kukasirika hivi, kwa hiyo nivumilie.

Khasandi ndiye aliyeniita. Mkeo unamjua, hana mafumbo. "Shemeji," akasema, "hiki chuma ni chenu wawili na mmoja hayuko. Kimekula nusu ya meza yangu. Nataka kuweka friza hapa, niuze maziwa na kuku. Tafuta mtu akichukue, mgawo wako uupate na mimi wangu." Ningemjibu nini? Tulipoinunua kwa yule daktari mgeni aliyekuwa akirudi kwao, tulitoa sawa kwa sawa. Ilikaa kwako kwa sababu kwangu hakukuwa na meza ya kuihimili. Sasa mwanamume gani atabisha mlango wa mjane kila Jumamosi asubuhi, eti amekuja kunywa kahawa? Majirani zako unawajua.

Nilidhani itakuwa kazi ndogo. Si wewe uliyeniambia mashine kama hii haishuki bei? "Hii ni kama ploti," ulikuwa ukisema huku ukiipapasa kwa kile kitambaa chako cha bluu. "Ikikaa, inapanda." Basi nikaipiga picha, nikaiweka mtandaoni. Wa kwanza kuja alikuwa mwenye hoteli hapa mjini. Aliiangalia mbele na nyuma, kisha akauliza kama inaweza kuchemsha chai ya maziwa. Nilipomwambia haiwezi, akaniuliza, kwa upole kabisa, "Sasa yote hii ni ya nini?" Wa pili alitaka tubadilishane na pikipiki isiyowaka.

Wa tatu ndiye aliyekuwa mnunuzi. Bwana Otieno, mtu wa benki kutoka Kisumu, mwenye mashine mbili nyumbani kwake na mke aliyechoka nazo. Alikuja na tochi na bisibisi. Akafungua kifuniko, akamulika ndani.

"Nani amekuwa akifungua hii?"

"Mwenyewe," nikasema. "Amefariki."

"Pole sana." Akamulika tena. "Lakini huyu ndugu yetu hakutulia."

Hukutulia, Shivachi. Nilisimama pale nikiona aibu kana kwamba ni mimi. Pampu uliitoa, ukatia nyingine isiyopiga kelele. Kidhibiti joto cha kiwandani ukakitupa kando, ukaweka chako cha namba nyekundu. Bomba la mvuke ukalikata. Ubavuni ukapachika mbao za mvule, eti ipendeze. Mwalimu wa fizikia akipewa likizo na bisibisi, ndiyo haya.

Na tulibishana. Unakumbuka tulivyobishana? Mimi nilisema tuiuze ikiwa bado safi, tuongeze kidogo, tuchukue yenye boila mbili, ili mtu atoe kahawa huku mvuke ukipasha maziwa, bila kusimama na kikombe akingoja. Nilisema mashine ikishafunguliwa hakuna atakayeitaka. Wewe ukacheka, mvua ikipiga mabati, ukasema, "Mbona ninunue kitu ninachoweza kukitengeneza?" Halafu ukaniwekea kikombe mbele, nikanywa, nikasahau habari za boila. Ulikuwa ukinishinda hivyo kila mara. Hukuwahi kujibu hoja yangu hata moja. Ulinipa tu kahawa.

Bwana Otieno akasema bei yangu ni ya mashine nzima, na hii si nzima. Lakini kama vipuri vya kiwandani vipo, ataongeza. Khasandi akaingia chumbani akavuta katoni chini ya kitanda. Pampu ya zamani ilikuwemo, na kidhibiti pia. Nikapumua. Kilichokosekana ni sinia la chini, lile la kupokea matone, kwa sababu uliona halina kina ukachongesha lingine kwa fundi wa jua kali.

"Lile alimpelekea kaka yake," Khasandi akasema.

Basi nikaenda Malinya. Nilianza kwako, nikang'oa majani mawili matatu kaburini, nikakulaumu kwa sauti mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni akaongeza mwendo. Kisha nikamtafuta kaka yako Mukabane. Nikamkuta kwenye zizi la fahali wake, yule mweusi anayemwandaa kwa mapigano ya mafahali. Na sinia letu, Shivachi, chuma cha Italia kisichoshika kutu, liko chini kwenye matope, limejaa chumvi, na fahali analilamba.

Nilimweleza Mukabane yote: bei, mnunuzi, vipuri. Akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Hiki alinipa ndugu yangu kwa mkono wake. Na huyu ng'ombe hakulanga chumvi kwa kitu kingine." Nikasema nitamnunulia beseni. Akatikisa kichwa. "Wewe uko na mashine. Mimi kwake nilibaki na hii." Nilitaka kugomba. Nilikuwa nimejiandaa kugomba tangu mjini. Lakini alikuwa ameinama, anasawazisha chumvi kwa kidole, na kwa nyuma ana mabega kama yako. Nikaaga. Fahali hakuinua hata kichwa.

Bwana Otieno alirudi Jumamosi iliyofuata. Akaomba aione ikifanya kazi kabla hajalipa. Nikaiwasha, nikasaga kahawa ya Elgon iliyobaki kwenye kopo lako, nikamtolea kikombe. Akanywa. Akaomba kingine. Akakaa kwenye kiti chako bila kujua ni chako.

"Nitakwambia ukweli," akasema. "Zangu mbili hazijawahi kunipa kahawa kama hii. Marehemu aliifanya bora kuliko ilivyotoka kiwandani. Lakini siwezi kulipia hilo. Kesho nikitaka kuiuza, nani ataniamini?"

Akalipa alichoweza kulipa, na hakikuwa kingi.

Ndiyo haya yanayonikereketa. Kuhusu kahawa, wewe ulikuwa sahihi. Kuhusu bei, mimi nilikuwa sahihi. Miaka yote ile nilingoja siku ya kukwambia, "Si nilikwambia?" Siku imefika, nimeshinda, na nimesimama jikoni kwako naangalia alama nne za miguu ya mashine kwenye meza, sina wa kumcheka. Ungekuwepo, ungenikubalia, halafu ungetafuta njia ya kunishinda tena. Jibu hilo ndilo nililokuja kulidai, nikalikosa.

Mgawo wangu haukufika hata karibu na bei ya ile ya boila mbili. Nimenunua ndogo, mpya, ya boila moja, yenye waranti ya mwaka. Ni nzuri kwa kuuza baadaye. Kahawa yake ni kama karatasi iliyolowa.

Imali, mke wangu, alipoona ninavyonung'unika akamwalika Khasandi aje Jumamosi kwetu, tukae kama zamani. Alikuja jana. Friza imeshaanza kazi, na maziwa yanakwisha kabla ya saa nne. Nikamwekea kikombe. Akakiangalia, akakisogeza taratibu.

"Shemeji, usikasirike. Mimi kahawa sijawahi kuipenda. Chungu. Nilikuwa nakaa tu nanyi."

Miaka yote hiyo, Shivachi. Na wewe ukimwambia aonje, aseme kama uchachu umezidi, naye akiitikia kwa kichwa. Sijui kama ulijua. Nilitaka kukuuliza, nikakasirika upya. Kisha nikaweka sufuria, nikachemsha chai ya majani mengi na tangawizi, akanywa vikombe viwili akitusimulia habari za wateja wake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamsikia akicheka.

Basi lala, ndugu yangu. Hasira yangu bado ipo, na sitakudanganya kwamba itaisha karibuni. Lakini Khasandi atakuja kila Jumamosi, na kila Jumamosi atakuta chai. Hilo nakuahidi.

Wako,
Lumbasi