Mchumba Wangu Ananituhumu kwa Sabuni

Mama mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika maana hata usingizi sipati. Mimi ni dereva wa gari la kunyonya vyoo, lakini mchumba wangu nilimwambia naendesha gari la maji, na sikumdanganya sana kwani ni maji kweli, ila ni hayo ya chooni, na kila nikimaliza kazi naoga palepale yadi, najisugua kwa brashi na sabuni ya dawa, nabadilisha nguo hadi viatu, ndipo naenda kumwona. Sasa ameanza kununa, anasema mwanaume anayetoka kazini ananukia sabuni kuliko anayetoka nyumbani kwake ana mwanamke pembeni, na juzi alilia akaniambia, "Uchafu unaoufanya huko unauosha kabla ya kuja kwangu." Nilikaa kimya, Mama, kwa sababu alikuwa amepatia na amekosea kwa pamoja. Ningemwambia nini, na sisi watu wa gari hili hata kikombe cha chai tunatengewa chetu? Jana ndiyo nimeishiwa nguvu kabisa, bosi amenipangia Jumamosi nikanyonye choo kilichojaa kwenye nyumba fulani, kusoma anwani, ni kwa baba mkwe. Nikijitia ugonjwa atakwenda mwenzangu, naye ana mdomo. Nampenda huyu binti, nifanyeje?

Dereva Roho Juu

Marahaba, Roho Juu. Pole, mwanangu, hicho kikombe cha kutengewa kimeniuma. Lakini hapo kwenye "sikumdanganya sana" nimecheka mpaka nikakasirika. Uliogopa akuone mchafu wa mikono, sasa anakuona mchafu wa tabia, na wewe umenyamaza kana kwamba ni kweli. Akili gani hiyo?

Usijitie ugonjwa. Leo hii mlete yadi, mwonyeshe gari, bomba na pale unapoogea, ajue yeye kabla baba yake hajakuona getini. Usiombe radhi kwa kazi yako, omba kwa uongo wako, kisha funga mdomo umsikilize hata akifoka. Jumamosi vaa buti, msalimie mzee kwa heshima, nyonya shimo mpaka chini, mwaga dawa, rudisha kifuniko vizuri. Mambo ya posa usiyaguse siku hiyo.

Huenda akakuacha, sikufichi. Ila bora akuache kwa kazi unayoifanya kweli kuliko kwa mwanamke ambaye hujawahi kuwa naye.