Kiganja Kimoja Juu ya Kipimo

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeuza pilipili ng'ambo. Mimi, niliyeishia darasa la nne! Peke yangu, bila mtu kunishika mkono.

Uongo. Nimeshinda juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikitoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Aliyeuza ni mkwe wangu, mjane wa mwanangu. Kikundi cha wakulima kaandikisha yeye, mnunuzi kamtafuta yeye, sampuli kapeleka maabara yeye – mara tatu, na mara mbili zilikataliwa kwa unyevu. Wazo lilikuwa la mwanangu. Akafa kabla ya mavuno. Kwao walimwita mkwe arudi, akasema hapana, mpaka mzigo wa kwanza ufike. Ukipokelewa, mnunuzi atachukua kila msimu, naye atakuwa na sababu ya kubaki hapa. Ukikataliwa – sitaki kuandika.

Jumatano, 5 Machi
Mkaguzi kaja. Mrefu, mkavu kuliko pilipili zenyewe. Nimempa jina la Bwana Unyevu. Kapima, kanusa, kapima tena, karidhika. Katoni arobaini, kila moja kilo kumi kamili, zikafungwa kwa utepe wenye muhuri. Cheti kikasainiwa. Nikamuuliza kama anaweza kunipima na mimi unyevu, maana magoti yanalia kama mlango. Hakucheka. Mkwe alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Sijamsikia akicheka tangu msiba.

Alhamisi, 6 Machi
Mkwe kaenda mjini kutafuta lori. Nimebaki stoo na katoni. Nikazitazama. Kilo kumi kamili – aibu gani hii! Miaka hamsini nimeuza sokoni, sijawahi kumpa mtu kipimo kitupu. Unapima, halafu unatia kiganja kimoja juu, cha undugu. Mteja hurudi kwa ajili ya hicho kiganja. Huyu wa ng'ambo atatuonaje?

Nikachukua kisu, nikabandua utepe taratibu, nikatia kiganja kila katoni, kutoka kwenye zile nilizoanika mwenyewe nyuma ya jiko. Nikarudishia kwa gundi. Kazi safi. Mkwe sijamwambia. Nataka asifiwe yeye.

Jumanne, 11 Machi
Simu kutoka forodhani. Mkwe alipokea amesimama, akaketi, akasimama tena. Mihuri imechezewa. Uzito hauendani na karatasi. Wamefungua katoni tano, pilipili za juu zina ukungu, na ukungu umeshuka mpaka chini. Mzigo wote unachomwa. Mnunuzi kajitoa. Kikundi kimefungiwa mwaka mzima.

Wanakikundi wakasema ni dereva wa lori, aliiba akajazia takataka. Mkwe akasema kesho atamwita. Mimi nikanyamaza. Mdomo huu, ambao haujawahi kukosa la kusema.

Jumatano, 12 Machi
Dereva kaja. Mtu mzima, analia mbele ya watu, anaapa kwa kaburi la mama yake. Nikashindwa.

"Mwacheni," nikasema. "Ni mimi. Nilitia nyongeza."

Mkwe akanitazama. "Kwa nini, baba?"

"Kilo kumi kamili niliona kama choyo."

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alichukua ufagio akaenda kufagia stoo, ambayo ilikuwa safi.

Jumamosi, 15 Machi
Kaka yake mkwe kaja na pikapu kumchukua. Kaniamkia kwa heshima zote, na hiyo ndiyo imeniuma. Godoro limeshapanda. Cherehani imeshapanda. Mkwe bado yumo chumbani, anakunja nguo polepole, au mimi ndiye nataka kuona hivyo.

Nimeizunguka nyumba mara tatu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Msamaha niliomba jana, akasema, yameisha, baba. Hayajaisha. Kumwomba abaki sina uso. Lakini mwezi uliopita nilimfunga drafti, michezo miwili mfululizo (wa pili niliiba kete, hajui), na tulipatana akifungwa atanikata kucha za miguu, kwa kuwa mimi siwezi kuinama. Hajanikata bado.

Kaka yake anawasha gari. Nimesimama mlangoni pa chumba, daftari kwapani, nikamwambia:

"Mwanangu, zile kucha zangu. Leo nikate mguu mmoja tu. Wa pili utakuja kumalizia."