Honi ya Boti Kagunga

Jumanne, Kagunga

Mdomo wa juu umepasuka, na tuba, lile tarumbeta langu kubwa la sauti nzito, hupulizwa kwa midomo. Hilo linaniuma kuliko mbavu. Sijui kama nitapuliza tena.

Nilikuwa ufukweni narekodi kwa simu wimbo wangu mpya wa jazi. Nilipovuta noti nzito ya mwisho, abiria wakadhani boti ya Kigoma inapiga honi. Wakaja mbio na mizigo. Mama mmoja akaanguka, dagaa wake wakamwagika majini. Boti hakuna, nipo mimi.

"Mshenzi wewe, unatuchezea!" Mumewe akanitwanga ngumi, wenzake wakamalizia kwa mateke. Nilimng'ata mmoja mkono mpaka akapiga yowe. Sijutii.

Nimesikiliza rekodi. Ngumi zote zimo, na yowe lake. Sifuti kitu. Wimbo nautoa hivyohivyo, jina lake Boti Hakuna.