Hodi ya Tatu

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu kutoka Kibiti. Sote wazima, na shangazi yako wa Ruaruke amejifungua salama. Unauliza niliwezaje kuwafanya wazee wakubali programu yangu ya kwanza.

Wakati huo Daraja la Ndundu, la Mto Rufiji, lilikuwa jipya. Nilitengeneza ukurasa wa kuingilia kwenye seva, yaani kompyuta kuu, ya kampuni ya korosho niliyofanyia kazi Dar. Ukikosea neno la siri mara tatu ulikufungia kwa muda, ukisema kwa Kiingereza kwamba umekataliwa. Makarani wa tawi la Kibiti, wazee watupu, wakasusa. Bosi akasema wasipoingia kufikia Ijumaa, anaufuta.

Nikawafuata Kibiti. Karani mkuu, Mzee Mpili, akaniuliza, "Binti, mashine yako imenifukuza kazi?"

"Hapana, mzee. Ukipiga hodi tatu usiitikiwe, unafanyaje?"

"Naondoka, narudi baadaye."

"Basi ndivyo inavyotaka."

"Sasa mbona haisemi hivyo?"

Palepale nikaandika upya ujumbe ule, kwa Kiswahili: "Hodi tatu hazijaitikiwa. Tafadhali rudi baada ya robo saa."

Mzee akakosea makusudi, akasoma, akacheka mpaka akashika meza. Robo saa ilipopita akaingia, akawaita wenzake wote. Ijumaa bosi alipoona wote wameingia, akaagiza ukurasa wangu upelekwe matawi yote, na maneno yale yasiguswe.

Nakuombea heri,
Bibi yako Mwanahawa