Mashine ya Mwajuma

Tabora, Jumanne jioni

Ati mashine imeharibika! Ndivyo Daktari Rajabu, mchumba wangu, alivyoniambia, nami nikamwamini.

Tangu juzi Mwajuma wa Igalula anahema kwa shida. Amejifungua, na tunahofia damu imeganda ikaziba mshipa wa mapafu. Mashine hiyo ya kupima moyo kwa waya za kifuani ingetuonyesha hali yake bila kumchoma sindano. Mimi nesi wake nikabaki kutazama midomo yake ikigeuka buluu.

Leo nimepeleka dawa nyumbani kwa bwana mkubwa mmoja, nikamkuta Rajabu anampima kwa mashine ileile. Na bwana mwenyewe ni mzima wa afya!

"Ningemkataliaje?" akaniuliza.

"Na Mwajuma je?"

Akaendelea kumpima bwana yule. Huyu anayehubiri usawa mikutanoni.

Nimeibeba mwenyewe hadi wodini. Mwajuma bado anapumua, ila naogopa. Posa nairudisha kesho. Baba akasirike tu.