Muda Haukusimama

Kaka Haruna, shikamoo.

Fremu yetu ya duka ya Mtaa wa Kongo tuliipoteza mwaka 2018, mwenye jengo alipobadilisha kufuli. Mama hajambo. Jangwani maji yamepungua.

Mahakama imeirudisha kampuni yetu kwenye daftari la msajili. Nikajua sasa tunamshtaki mwenye jengo. Wakili akaniambia, "Dada, miaka sita ya kudai imekwisha. Kampuni ilikuwa imefutwa, lakini muda haukusimama." Ilifutwa kwa kutopeleka ritani, zile taarifa za kila mwaka kwa msajili, na hiyo ilikuwa kazi yako. Mimi nilikuwa nakipangusa kibao chetu cha jina la kampuni uvunguni, nikiamini kampuni bado ipo.

Tunaweza kuomba tuongezewe muda, ukiapa kwamba notisi ya kufutwa haikukufikia. Lakini kaka, funguo za sanduku la posta ulikuwa nazo wewe. Uliisoma, au hukuisoma? Nijibu kabla ya Ijumaa adhuhuri.

Mdogo wako,
Badria